Mawimbi ya Tanganyika: Tulivyofika Kipili na Watoto

Ukitaja biichi, wengi akili zinakimbilia Zanzibar au Kigamboni. Sisi wa Mpanda tuna yetu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina cha karibu mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal tu. Maji hayana chumvi, na jioni jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Kwa wapendanao, nini tena?

Agosti 2022 mimi na baba watoto tuliamua kusherehekea miaka saba ya ndoa Kipili, upande wa Rukwa, pamoja na wanetu wawili. Njia ya gari ipo, kupitia Namanyere. Lakini mwenzangu kakulia ziwani, akataka watoto waonje safari ya maji. Meli kongwe ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa imesimama ikisubiri matengenezo. Ikabaki boti ya mbao kutoka Karema.

Karema penyewe panastahili nusu siku. Wabelgiji walianza kujenga kituo chao hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikaenda kwa Mapadre Weupe. Misheni ipo mpaka leo. Tukala migebuka ya kukaanga na ugali, tukapanda.

Saa mbili za mwanzo, raha tupu. Baadaye upepo wa kusini ukaamka. Boti ikawa inapanda wimbi, inaning'inia kidogo, halafu inajibamiza chini hadi mbao zinalia. Maji yakaingia, baharia wakaanza kuyachota kwa ndoo. Mdogo akanitapikia kifuani. Mkubwa akauliza, "Mama, tunakufa?" Nikamwambia ashike jaketi langu kwa nguvu.

Tulipofika Kabwe, abiria wakashuka, wengine wakapanda. Nahodha alitaka kuendelea. Nikamwambia mume wangu, "Baba, sisi tunashukia hapa." Akanitazama. Chumba Kipili tulishalipia, na mbele ya wanaume wa ziwani yeye ndiye mwenyeji. Nikaona anavyopiga hesabu: pesa, heshima, watoto. Kisha akambeba mdogo, akasema, "Nahodha, tushushie mizigo yetu."

Usiku ule tulilala gesti ya kawaida, kitanda kimoja watu wanne. Watoto walipolala akaninong'oneza, "Hata mimi niliogopa, mama. Sema nilishindwa kusema." Miaka saba, na sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Nilimshika mkono tu.

Alfajiri ziwa lilikuwa shwari kama maji ya beseni. Tukapata boti nyingine, na Kipili ikatupokea na mchanga wake, visiwa vyake na maji meupe kiasi kwamba unaona samaki wadogo wa rangi wakipita miguuni. Usiku mmoja wa chumba ulipotea. Hakuna aliyeutaja.

Kama wewe na mwenza wako mnafikiria safari hii, zingatieni haya:

Msimu: kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huwa mkali. Ulizeni wenyeji wa bandarini kabla ya kukata tiketi.

Majaketi: yavaeni kabla boti haijaondoka, na la mtoto liwe saizi yake. Hakuna majaketi? Msipande.

Siku ya akiba: ongezeni siku moja na pesa ya kulala njiani. Mwenye haraka ndiye hulazimisha safari.

Kuogelea: waulizeni wenyeji sehemu salama. Mamba wapo.

La mwisho ni lenu wawili: kubalianeni mapema kwamba yeyote akisema "tushuke", mnashuka, bila kubishana na bila kuchekana baadaye.