Hatua 186

Risasi ya saba ilikwama.

Nilikuwa kwenye uwanja wa shabaha wa ndani, kusini-magharibi mwa jiji la Houston, Texas. Masikio nilikuwa nimeyaziba mara mbili: vizibo vidogo ndani, na juu yake yale makopo makubwa yanayofunika sikio zima. Hata hivyo kila mlio wa jirani ulinigonga kifuani. Mbele yangu, umbali wa yadi saba, ilining'inia karatasi yenye umbo la mtu asiye na uso. Sita za kwanza zilitoka bila shida. Ya saba nayo ilitoka, nikabana triga kwa ajili ya ya nane, kimya. Kutazama, ganda tupu limesimama wima juu ya bastola, limebanwa na chuma, kama bomba la moshi juu ya paa.

Kitu cha kwanza nilichotaka kufanya ni kugeuka nimwonyeshe mwalimu. Mkono wake ulitua begani kwangu kabla sijageuka hata nusu.

"Mtutu uangalie mbele, mama," alisema kwa sauti ya juu. "Kidole nje ya triga. Sasa pumua."

Bastola ile ilikuwa na siku tisa tangu niinunue. Sitaitaja jina, maana sijaja kutangaza biashara, na kama utakavyoona, kosa halikuwa lake. Mtutu wake ni kama sentimita nane. Ikiwa tupu ina uzito wa nusu kilo hivi, sawa na pakiti ndogo ya sukari. Magazini yake inabeba risasi 10 za milimita 9. Mwaka 2018 kampuni ya SIG Sauer ilipotoa P365 na kuonyesha kwamba risasi kumi zinaweza kuingia kwenye bastola ndogo kiasi hicho, watengenezaji wengine nao walikimbilia ukubwa huo. Muuzaji alinipangia nne juu ya kaunta, akaniambia niishike kila moja. Nikachagua hii kwa sababu ilikuwa kama imepotea kiganjani mwangu. Siku ile niliiona hiyo kuwa ni sifa.

Kilichonifikisha dukani ni usiku mmoja wa Februari. Mimi ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Mwenzangu, dada wa Kinigeria ambaye huwa tunagawana chakula, alitoka dakika kumi kabla yangu. Nilimkuta amekaa chini kati ya magari mawili, ameshika taya. Walikuwa wamemchukulia mkoba na simu. Akawa anarudia kuniambia kwamba funguo za gari hawakuzichukua, funguo wameziacha, kana kwamba hiyo ndiyo habari atakayowapelekea wanawe.

Uongozi ulibandika karatasi karibu na mashine ya kusaini zamu: tuwe makini na mazingira yetu. Taa mbili za maegesho ambazo hazikuwa zinawaka tangu Krismasi ziliendelea kutowaka.

Kutoka mlango wa wafanyakazi hadi pale tunaporuhusiwa kuegesha ni hatua 186. Wiki ile ndipo nilipoanza kuzihesabu.

Texas ni rahisi kwa mambo haya. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola hadharani au kwa siri bila leseni. Nina grini kadi. Nilijaza fomu, wakakagua jina langu kwenye mfumo wa serikali kuu, nikatoka na kisanduku cha plastiki kabla ya saa ya chakula cha mchana. Pale Tanga nilipokulia nilimjua mtu mmoja tu mwenye bastola, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mtaa mzima ulijua kwamba anayo. Huku sijui ni nani kati ya watu ninaopanga nao foleni ya kulipia maziwa anayo.

Si kwamba sikuwahi kushika silaha. Mwaka 2014, nilipomaliza kidato cha sita, nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, kambi ya Mgambo. Siku ya shabaha tulilala kifudifudi mchangani, bunduki ndefu imekaa begani, afande amesimama juu yetu. Nilipiga, nikasimama, nikarudisha. Maganda yaliokotwa na kuhesabiwa moja moja. Silaha ile haikuwa yangu hata kwa dakika moja, na nadhani ndiyo maana sikuiogopa. Hapa uwanjani Houston maganda yanafagiliwa kwa fagio refu na kijana mwenye spika za muziki masikioni, na bastola inarudi nyumbani nami.

Mwalimu wangu alikuwa mzee Mmarekani mweusi, mstaafu wa jeshi la majini, mwenye tabia ya kusema kila kitu mara moja tu. Alinionyesha jinsi ya kuondoa ganda lililokwama: unagonga kitako cha magazini kwa kiganja, unavuta kwa nguvu kile chuma cha juu, unaendelea. Kisha akaichukua bastola ileile, akajaza risasi kutoka sanduku lilelile, akapiga kumi mfululizo. Hakuna iliyokwama. Zote ziliingia katika eneo la ukubwa wa kisosi.

"Bastola haiumwi," alisema. "Ni kifundo cha mkono wako."

Akanieleza. Risasi inapotoka, chuma cha juu kinasukumwa nyuma, kinatema ganda, kisha springi inakirudisha mbele kikiwa kimebeba risasi mpya. Ili kirudi nyuma kikamilifu lazima sehemu ya chini, yaani mpini, ibaki imetulia. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na hicho chuma, mwendo unakatika katikati, na ganda linanaswa mlangoni. Bastola kubwa ina uzito wa kukusamehe. Ndogo haikusamehe.

Ili nielewe, alinikodishia bastola kubwa, ile ya kuvaliwa na askari kiunoni. Nikapiga ishirini, na kumi na tisa ziliingia kifuani mwa ile karatasi. Niliporudi kwenye yangu, matundu yalisambaa, mengi yakiwa chini kushoto, kwa sababu nilikuwa ninaubana mkono kuusubiri mshtuko kabla haujaja. Risasi ni zilezile za milimita 9, ila chuma cha kumeza nguvu yake ni kichache. Halafu alama ya mbele ya kulengea na ya nyuma ziko karibu mno, kwa hiyo ukikosea kidogo hapa, kule mbele unakuwa umekosea sana. Kile kilichonifanya niinunue, yaani kupotea kiganjani, ndicho kilichokuwa kinanishinda kuituliza.

Wapigaji wengi hushauri kwamba bastola ya kubeba usiiamini kabla haijapiga risasi 200. Tulifika 200. Baada ya ile ya saba ilikwama mara moja tu zaidi, kwenye ya 31, na nilijua kosa langu kabla ganda halijatua. Kuanzia hapo nilishika vizuri.

Mwisho tukajaribu zile za kubebea hasa, maana bastola inaweza kuzimeza za mazoezi na kuzikataa hizi. Sanduku la risasi 20 lilinigharimu zaidi ya sanduku la 50 za mazoezi. Zina tundu kichwani. Zikiingia mwilini, mwalimu alisema, hufunguka, zikabaki humohumo badala ya kupenya na kumpata mtu wa nyuma. Alilisema kama jambo la usalama, na ni kweli ni la usalama. Nikaishika moja kati ya vidole. Kazi yangu ni kuwageuza wazee kitandani kila baada ya saa mbili ili ngozi zao zisifunguke. Niliijaza kwenye magazini, nikapiga, ikatoka salama. Nikapiga na zile nyingine zote.

Uwanja ule hauruhusu kuchomoa bastola kutoka kiunoni, kama zilivyo viwanja vingi, kwa hiyo somo la kubeba kwa siri tulilifanya darasani, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili. Aliniambia nije na nguo ninazovaa kazini. Nikaja na sare zangu za bluu: suruali ya kamba, blauzi nyepesi. Ala ya kawaida inahitaji mkanda mgumu wa ngozi, na suruali ya kamba ikibebeshwa nusu kilo ya chuma inashuka. Ikabidi nitumie mkanda mpana wa kitambaa unaofungwa tumboni, wenye mfuko mgumu unaofunika triga. Nikatembea darasani, nikainama, nikakaa, nikanyoosha mkono kama ninayefikia dripu.

"Unaigusa," mwalimu akasema.

"Sijaigusa."

"Umeigusa mara nne. Kila mtu anayeanza huigusa. Hivyo ndivyo tunavyowajua."

Nikamkumbuka mama. Alikuwa akiuza samaki wa kukaanga, na mauzo ya siku aliyafunga kwenye pindo la khanga, kiunoni. Njia nzima ya kurudi nyumbani mkono wake ulikuwa unapita pale, unahakikisha, unaondoka, unarudi. Wezi wa mtaani hawakuhitaji kuuliza pesa ziko wapi. Nilimweleza mwalimu habari hiyo, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha, akiwa bado anatabasamu, akaniuliza ninafanya kazi wapi.

Nilipomwambia, aliiweka kalamu mezani.

Sheria ya Texas inakataza kuingia na bastola katika hospitali na katika nyumba za wazee zenye leseni, bila ruhusa ya maandishi ya uongozi. Nilikuwa nimeliona tangazo mlangoni miaka mitatu, na sikuwahi kulisoma kama linanihusu. Maegesho hayahesabiki kuwa ndani ya jengo. Mfanyakazi anaweza kuiacha silaha yake ndani ya gari lililofungwa.

"Kwa hiyo itakaa ndani ya gari," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe unaogopa wapi?"

"Kutoka mlangoni hadi kwenye gari."

Hatukusema kitu kwa muda. Halafu akaongeza, kwa upole, kwamba magari ni mojawapo ya mahali wezi wanapopatia bastola, na kwamba anayevunja kioo akitafuta mkoba hukasirika akikosa, ila akipata bastola hakosi furaha. Nilikuwa nimetumia siku tisa na pesa za karibu wiki mbili kujua kama kitu hiki kinafanya kazi. Kinafanya. Ila katika hatua 186 nilizokinunulia, hakitakuwepo.

Nilinawa mikono kwa maji baridi na sabuni, kama kibao kinavyoelekeza, kwa ajili ya vumbi la risasi. Nikiwa kwenye gari mama akapiga simu. Huko Tanga ilikuwa usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimetoka mazoezini."

"Vizuri. Usiuachie mwili."

Sikudanganya, wala sikusema kweli. Hadi leo hajui.

Bastola sikuiuza. Aprili nilifanya mtihani wa leseni ingawa sheria hainilazimishi: risasi 50, kutoka yadi 3, 7 na 15, ambapo unahitaji alama 175 kati ya 250. Nilipata 231, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Inakaa kwenye kisanduku cha chuma chenye namba za siri, chumbani. Siku za mapumziko nyingine huivaa, nyingine huiacha, na siwezi kukwambia ninaamuaje. Ninachojua ni kwamba nikiivaa, mkono wangu bado unaigusa.

Kazini tuliandika barua, tukaisaini watu tisa. Taa moja ilitengenezwa. Ya pili bado. Lakini tulianza kutoka pamoja, wanne wa zamu yetu, na anayemaliza mapema anasubiri pale kwenye mashine ya kusaini hata kama ni dakika ishirini, hata kama ana mtoto nyumbani. Wiki mbili za kwanza tulilalamikiana sana. Juzi nilijaribu kuhesabu hatua, nikapotelea kwenye sabini na kitu, kwa sababu dada wa Kinigeria alikuwa anatusimulia harusi ya mdogo wake, na akisimulia hushika mtu mkono. Tukifika, kila mmoja anawasha gari lake, na wa kwanza kuwasha haondoki mpaka taa za wa nne ziwake.