Mita Imefurahi, Lakini Tunasikika?

 Mwezi huu naomba niwaandikie juu ya waya wa redio. Msicheke, mtaona mwisho inatuhusu.

Ninyi mliotoka Kivu mnakumbuka foni. Kabla simu za mkononi hazijaenea, misheni, vituo vya afya na wafanyabiashara walikuwa nayo. Ukitaka habari za ndugu aliye Shabunda au Kindu, unakwenda kwa foni, unakaa kwenye benchi, unangoja zamu. Mama yangu alijua kwa foni, mwaka 1998, kwamba kaka yake yuko hai. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini habari hiyo nimeisikia nyumbani mara nyingi kuliko hadithi za sungura.

Likizo iliyopita nilikuwa Kampala, kule Nsambya. Kuna mzee wetu mmoja pale, zamani aliendesha foni, sasa anapanga chumba na kutengeneza redio. Jirani yake ni Mganda mwenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani anaongea na watu wa mbali kwa kupenda tu, si kwa biashara. Leseni hiyo hutolewa na UCC, na alama za Uganda huanza na 5X, kama zile za Congo zinavyoanza na 9Q. Bila leseni ni marufuku kurusha sauti, tuelewane hapo. Kusikiliza ndiyo hakuna shida.

Jirani alikuwa amepandisha waya wima kwenye mti wa fenesi. Urefu wake ni robo ya wimbi. Hesabu ni rahisi: chukua 71, gawanya kwa megahezi. Kwa megahezi 7.1 unapata mita 10. Chini ya mti, kebo inaungwa: uzi wa ndani kwenye waya wa juu, ule wa nje kwenye waya zilizolala ardhini. Yeye alilaza mbili tu.

Sasa, kebo yake ni ya omu 50. Waya wima wa robo, ukiwa na ardhi nzuri kabisa, una omu kama 36. Visipolingana, sehemu ya nguvu inarudi. Darasani nimeonyesha hivi: funga kamba nene kwenye kamba nyembamba, kisha itikise. Wimbi likifika kwenye fundo, sehemu yake inapita, sehemu inarudi mkononi mwako. Watoto walipenda sana.

Mita ya jirani ilionyesha 1 kwa 1, maana yake hakuna kinachorudi. Alikuwa na furaha. Lakini usiku akiita Ulaya, wanamjibu kwa shida, wengine hawamsikii kabisa.

Mzee alitazama chini, hakutazama mita. Akaomba nyaya kuukuu za umeme, tukazikata, tukalaza 16 kwenye nyasi kuzunguka mti kama miale ya jua. Jirani akapima tena: 1.3 kwa 1. Akashika kichwa. "Mzee, umeniharibia!"

"Hapana, ndugu yangu," mzee akasema. "Mita inapima kebo. Haipimi masikio ya mtu."

Akatueleza. Mwanzoni zile omu 36 zilikuwa zimeongezewa kama 14 za udongo mkavu wa kilima. Jumla 50, mita ikafurahi. Lakini kati ya wati 100, wati 28 zilikuwa zinapasha udongo joto. Waya zilipoongezeka, udongo ukaacha kula. Sasa omu ni kama 38, na zinazorudi kutoka antena ni wati 2 hivi. Bora upi, kupoteza 28 kimyakimya au kuona 2 zikirudi? Tena hizo 2 nyingi zinarudishwa juu na redio yenyewe. Na mtu akitaka kweli omu 50, ainue antena juu na kuziteremsha zile waya kwa mshazari. Hapo zinalingana bila udongo kula kitu.

Usiku ule jirani aliita. Alijibiwa mara ya kwanza, kwa sauti safi.

Nimerudi na maneno ya mzee mpaka darasani. Mimi nikiuliza, "Mmeelewa?", watoto 80 wanajibu, "Ndiyo, mwalimu!" Hiyo ni 1 kwa 1. Hakuna kinachorudi, na pengine udongo umekula yote. Yule anayeinua mkono na kusema, "Mwalimu, hapo kwenye sehemu sijashika," anarudisha kidogo, lakini ndiye somo limemfikia. Wazazi, jioni msimuulize mtoto kama ameelewa. Mwambieni awaeleze alichojifunza, hata kwa Kiswahili cha nyumbani. Hapo mtajua kama tumesikika.

Jambo la mwisho. Vijana mnaofunga waya ili kusikiliza redio, kaeni mbali na nyaya za umeme, na mvua ikitanda chomoeni waya mapema kabla ngurumo haijafika. Mwaka 2024 radi iliua watu 14 katika kambi ya Palabek. Redio inaweza kungoja.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea. Tuonane mwezi ujao.