Mshahara Mmoja, Majimbo Mawili

Hivi karibuni nilialikwa kwenye kikao cha siku moja kuhusu matumizi ya kompyuta katika ukusanyaji wa mapato ya umma. Sitaitaja ofisi iliyotualika, kwa sababu niliyoyasikia pale husikika katika ofisi nyingi. Kila tatizo lililoletwa mezani, awe ni mfanyabiashara anayelalamika kutozwa mara mbili au mjane aliyeshindwa kujaza fomu, lilipewa jibu lile lile: “Mfumo utalishughulikia.” Nilipopewa nafasi ya kuchangia nilisema maneno machache, nikakaa. Nililotaka kusema lilikuwa refu, tena lilikuwa na aibu yangu ndani yake. Ndugu msomaji, nalieleza hapa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani niliishi Kansas City. Jina hilo hubebwa na miji miwili inayopakana, mmoja katika jimbo la Kansas na mwingine, ulio mkubwa zaidi, katika jimbo la Missouri. Kwa sehemu ndefu mpaka wa majimbo hayo unafuata barabara iitwayo State Line Road. Ukisimama upande wa magharibi uko Kansas; ukivuka kwenda kununua mkate upande wa mashariki, uko Missouri. Hapana kizuizi, hapana askari, hapana anayekuuliza kitambulisho. Mkazi wa kawaida anaweza kuusahau mpaka huo mwaka mzima, mpaka unapokaribia mwezi wa Aprili na ritani ya kodi ya mapato kutakiwa.

Kwa wasioujua utaratibu wa kule, nieleze kwa ufupi. Mwananchi hudaiwa kwanza ritani ya serikali kuu ya shirikisho, ambayo kwa kawaida mwisho wake ni tarehe 15 Aprili. Kisha jimbo lake nalo hutaka ritani yake, kwa sheria yake na fomu yake. Majimbo 9, Texas na Florida yakiwamo, hayatozi kodi ya mshahara. Mengine yote hutoza. Anayeishi jimbo moja na kufanya kazi jimbo jingine hudaiwa na yote mawili: kule anakofanya kazi hutozwa kwa kilichopatikana kule, na kule anakoishi hutozwa kwa mapato yake yote, popote alipoyapata. Ili asilipe mara mbili, jimbo la nyumbani humpunguzia kodi kwa kuzingatia ile aliyokwisha kulipa ugenini. Mji wa Kansas City wa upande wa Missouri nao una mkono wake: hukata asilimia 1 ya mapato ya kila anayefanya kazi ndani yake, awe mkazi au mgeni.

Katika mji huo nilifahamiana na dada mmoja kutoka Mombasa. Siku za kazi alihudumia wazee katika nyumba ya kuwalelea upande wa Kansas, alikokuwa akiishi. Mwisho wa wiki alikesha hospitalini upande wa Missouri. Aliniita mwalimu, kwa kuwa nilikuwa nikifundisha Kiswahili chuoni ili nipate posho, na kwetu mwalimu hudhaniwa kujua kila kitu. Jioni moja alinijia na bahasha mbili zenye vyeti vya mishahara yake.

“Mwalimu, hizi karatasi zanishinda. Nisaidie.”

Nikamjibu, “Lete tuone, dada.” Laiti ningemjibu kwamba na mimi sijui.

Nilinunua dukani programu ya kompyuta ya kutayarisha ritani, ya bei nafuu, tukakaa jikoni kwake. Programu ilituuliza maswali, tukayajibu. Tulipomaliza ritani ya shirikisho niliona busara kuanza na jimbo analoishi, ndipo twende kwa la ugenini. Tukajaza Kansas, kisha tukajaza Missouri. Mwishoni programu ilitangaza kwamba haikuona kosa lolote. Kwa mujibu wake, dada alikuwa anadaiwa na Kansas dola 587. Aliandika hundi usiku ule ule, akanifungia mahamri ya kwenda nayo nyumbani, nami nikaondoka nikijiona mtu wa maana.

Januari iliyofuata niliomba kujitolea katika VITA, mpango wa serikali ya shirikisho unaowasaidia watu wa kipato cha chini kutayarisha ritani bila malipo. Anayejitolea ni lazima asome na kufanya mtihani. Katika kujiandaa nilihudhuria mkutano wa watayarishaji wa ritani wa mji ule, chini ya jengo la maktaba. Walikuwamo waliojitolea, na walikuwamo wenye ofisi zao, watu waliozoea kukesha kuanzia Februari hadi Aprili.

Mjadala wa jioni ile ulikuwa juu ya programu ipi inunuliwe. Majina yaliyotajwa yalikuwa Drake, Lacerte, ProSeries na UltraTax. Kwanza walizungumza bei. Kuna programu ambayo hulipiwa mara moja kwa msimu, ukatayarisha ritani nyingi upendavyo. Na kuna ile ambayo kila ritani huilipia peke yake. Mwenye wateja wengi wenye mshahara mmoja aliitetea ya kwanza. Mwenye wateja wachache wenye mashamba, nyumba za kupangisha na hisa aliitetea ya pili, akisema kwamba kwake saa moja ya kutafuta kosa ni ghali kuliko ada.

Kisha yakaja majimbo, na sauti zikapanda. Mmoja alilalamika kwamba kwa mteja mwenye majimbo manne hulazimika kugawanya mapato kwa mkono, kisha kuyaingiza upya. Mwingine alieleza mkasa wa mteja aliyehama katikati ya mwaka, na kila jimbo likamhesabu kuwa mkazi wake. Wa tatu alisema juu ya New York, ambayo kwa kanuni yake huweza kumtoza mfanyakazi wa ofisi ya New York hata kwa siku anazofanyia kazi nyumbani kwake katika jimbo jingine, ikiwa hakulazimishwa na mwajiri kukaa huko. Niliifahamu habari hiyo, kwani aliyeipinga mahakamani ni mwalimu mwenzangu, profesa wa sheria Edward Zelinsky, aliyeishi Connecticut na kufundisha New York. Mwaka 2003 mahakama ya juu ya New York iliamua dhidi yake. Nilijiambia: ikiwa profesa wa sheria ameshindwa, sisi wengine tuna nini?

Wakati huo mama mmoja wa makamo, aliyekuwa kimya muda mrefu, aliinua mkono. Alisema kwamba programu zote hizo zinaweza kufanya kazi, mradi mtayarishaji ajue jambo moja: anza na jimbo la ugenini, malizia na la nyumbani. Ukianza na la nyumbani, kodi ya ugenini bado haijakokotolewa, na sehemu ya kupunguziwa inaweza kubaki sifuri bila programu kusema neno. Kwa programu, sifuri si kosa. Ni jibu.

Kalamu yangu ilisimama. Nilirudi nyumbani nikafungua nakala ya ritani ya dada. Katika mstari wa nafuu ya kodi iliyolipwa jimbo jingine palikuwa na sifuri. Alikuwa amelipa kodi kamili Missouri, kisha akalipa Kansas kwa mapato yale yale. Nilikuwa nimemtoza mimi, kwa nia njema na kwa mkono wangu.

Nilimwendea kesho yake. Sikumlaumu aliyeitengeneza programu, ingawa ulimi ulinivuta huko. Nilimwambia nilikosea. Alinyamaza, kisha akauliza, “Sasa, mwalimu, pesa zarudi au ndo zimekwenda?” Nikamweleza kwamba sheria inaruhusu kusahihisha ritani, na kwamba muda ulikuwa haujapita. Tulisahihisha, safari hii tukianza na Missouri. Baada ya miezi kadhaa hundi ya Kansas ikaja. Alipoipokea alisema, bila kunishutumu, “Hizi zalikuwa za skuli ya mtoto wa ndugu yangu. Muhula mzima alikaa nyumbani.” Nilikuwa nimeihesabu ile dola 587 kwa dola. Yeye alikuwa ameihesabu kwa muhula.

Tangu siku ile niliacha kuitazama State Line Road kama barabara tu, nikaanza kuuliza nani hufaidika na mpaka huo na nani huulipia. Kwa miaka mingi majimbo hayo mawili yalishindana kunyang'anyana makampuni kwa kuyapa nafuu za kodi. Kampuni ya majumba ya sinema ya AMC, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2011 kwamba itahamisha makao yake makuu kutoka Kansas City ya Missouri kwenda Leawood, upande wa Kansas, safari fupi ya gari. Kampuni ilivuka mpaka ikavuna nafuu. Dada alivuka mpaka ule ule akavuna fomu ya ziada.

Mwaka 2019 wakuu wa majimbo yale walikubaliana kusitisha ushindani huo. Maana yake wanaweza kukubaliana wakitaka. Lakini juu ya mishahara ya wanaovuka kila siku hawana makubaliano, ilhali majimbo mengine wanayo. Anayeishi Moorhead, Minnesota, na kufanya kazi Fargo, ng'ambo ya mto katika North Dakota, hulipa kodi ya mshahara kwao tu, kwa kuwa majimbo hayo yaliwekeana mkataba. Dereva wa lori anayepita majimbo kumi kwa juma naye hutozwa na jimbo anakoishi peke yake, kwa sababu sheria ya shirikisho imetamka hivyo. Hao hawakuokolewa na programu yoyote. Waliokolewa na aya chache za sheria. Mhudumu wa wazee hakupata wa kumwandikia aya yake.

Serikali ya Marekani ilijaribu pia kutoa programu yake yenyewe, iitwayo Direct File, ili mwananchi ajaze ritani ya shirikisho bila kulipia. Ilianza kwa majaribio mwaka 2024 katika majimbo 12, ikapanuliwa mwaka 2025 hadi majimbo 25. Kansas ilikuwamo, Missouri haikuwamo; hata hapo barabara ile iligawa watu. Kisha mpango huo ukasitishwa, usipatikane kwa msimu wa 2026. Mwananchi anabaki kutafuta njia ya kuielewa sheria ya nchi yake dukani, au katika yale maeneo machache ya hisani.

Huenda msomaji akauliza, haya yatuhusu nini? Kwetu Tanzania mwajiriwa wa kawaida hukatwa kodi na mwajiri, mambo yakaishia hapo. Kenya mwananchi hujaza ritani katika mfumo wa iTax ulioandaliwa na mamlaka yenyewe, bila kununua programu dukani. Katika hilo tumewazidi wakubwa, na tusilidharau. Lakini mistari ya mipaka tunayo. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, ilhali kodi ya ongezeko la thamani ina sheria yake Zanzibar na sheria yake Bara. Mfanyabiashara anayevusha bidhaa bandarini Malindi kuja Dar es Salaam amelalamika kwa miaka mingi kutozwa huku na huku. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilisaini mwaka 2010 makubaliano ya kuzuia mtu kutozwa mara mbili, na kwa miaka mingi baada ya hapo yalikuwa bado yanasubiri kuridhiwa na nchi zote. Mwalimu wa Kenya anayefundisha Arusha na fundi wa Tanzania anayefanya kazi Nairobi wanaujua uzito wa kusubiri huko.

Ndiyo maana lile jibu la kikaoni, “mfumo utalishughulikia,” lilinikaa kooni. Sikatai kompyuta, nimeona zikirahisisha kazi kubwa. Nakataa kuitumia kompyuta kama pazia la kuficha uamuzi ambao viongozi hawajaufanya. Mfumo hukokotoa kile ambacho sheria imesema. Sheria mbili zikigongana, mfumo hauzipatanishi. Huuhamishia mgongano huo jikoni kwa mtu aliyechoka, aliyetoka zamu ya usiku, na kumsaidia amepata mwalimu asiyejua aanze na jimbo lipi.

Kwa wanafunzi wangu watakaoingia katika utumishi wa umma, nina ombi moja. Siku mtakapoletewa zabuni ya mfumo mpya, kabla ya kuuliza bei na kasi yake, ulizeni ni mkanganyiko gani wa sheria unaotakiwa kufunikwa nao, na kama mkanganyiko huo haungeweza kuondolewa kwa kikao cha watu wawili wenye mamlaka. Na mkiona sifuri mahali, msiipite. Huenda ni muhula wa mtoto wa mtu.