Laini Mbili, Miji Mitatu: Kutafuta Data kati ya Moi's Bridge na Bungoma

Anayeshuka matatu ya Eldoret–Kitale pale Moi's Bridge hupokewa na mahindi: malori, magunia, na maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao. Mji uko Kaunti ya Uasin Gishu, lakini Kakamega na Trans Nzoia ziko karibu hivi kwamba mama anayekuuzia sukuma wiki sokoni huenda alilala kaunti nyingine. Wakati wa ukoloni paliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mlowezi na mwindaji aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia. Reli ya kwenda Kitale, iliyokamilika mwaka 1926, ilipita hapa. Baada ya uhuru jina likabadilishwa, na biashara ya nafaka ikaendelea kukua.

Safari hii nilibeba vishikwambi viwili vya jamaa. Kimoja kilinunuliwa kipya Eldoret kwa ajili ya shemeji yangu, mkulima wa Moi's Bridge anayetaka kufuatilia bei za mahindi na kuwaona watoto walio vyuoni wakati anapoongea nao. Cha pili kilitoka Marekani, zawadi ya jamaa kwa dada yangu anayefunza karibu na Bungoma. Kazi ilikuwa ileile kwa vyote: kutia laini, kuwasha data, na kumwachia mwenyewe. Kwa kuwa njia yangu ilipitia Kitale, niliamua kuandika jinsi kila mji unavyoishughulikia kazi hiyo.

Moi's Bridge: kabambe kwanza

Kibanda cha wakala kilikuwa kando ya barabara kuu, kati ya duka la pembejeo na kinyozi. Shemeji alimjua mwenye kibanda, kwa hivyo salamu zilichukua muda wake kabla ya shughuli kuanza. Mama huyo alikigeuza kishikwambi, akatazama nyuma, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Hii ni ya kupiga simu pia, ama ni ya intaneti tu?"

Kilikuwa cha intaneti tu. Hakikuwa na kibodi ya kupigia simu, na hapo ndipo shida yote ya vishikwambi ilipo katika nchi hii. Bando tunanunua kwa kubonyeza nyota, nambari na alama ya reli. *544# ndiyo ya data. Salio, pesa za simu na hata mkopo wa Okoa Jahazi vina nambari zake. Kishikwambi kisicho na mahali pa kubonyeza hizo nambari kinaweza kushika mnara vizuri sana na bado kikashindwa kununua hata megabaiti moja. Programu za kampuni za simu zipo, ila nyingi hukutumia kwanza nambari ya siri kwa ujumbe mfupi. Vishikwambi vingine huupokea ujumbe huo na vingine, kama iPad, havioneshi ujumbe mfupi wa laini iliyomo.

Mama hakueleza hayo yote. Alifungua droo, akatoa kabambe, simu ndogo yenye tochi ambayo vitufe vyake vimefutika herufi, na kuitia laini mpya. Aliitisha kitambulisho cha shemeji, kile chenyewe wala si picha yake, akamsajili na kumpiga picha. Laini ilipoanza kufanya kazi aliiwekea pesa, akabonyeza *544# na kumwonyesha shemeji kioo kidogo cha kabambe.

"Mzee, unataka ya siku, ya wiki, ama ile haina mwisho?"

Ile isiyo na mwisho ni data isiyoisha muda, ambayo Safaricom iliileta Oktoba 2019 baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba wateja hupoteza bando walilolipia usiku wa manane unapofika. Kila megabaiti yake ni ghali kidogo kuliko ya siku, lakini kwa mkulima anayefungua intaneti mara mbili kwa wiki haina maana anunue ya siku. Shemeji akachukua hiyo.

Kisha kazi ya mkono. Kijitrei cha laini cha kishikwambi hufunguliwa kwa sindano inayokuja ndani ya boksi, na boksi tulikuwa tumeliacha nyumbani. Mama akavua hereni ya sikio la kushoto, akaingiza ncha yake kwenye kitundu, kitrei kikatoka. Aliivuta laini kutoka kwenye kabambe, akaiweka kona iliyokatwa ikielekea inakotakiwa, akasukuma kitrei ndani na kuivaa tena hereni. Kishikwambi kilitafuta mnara kwa muda, kikaandika 4G. Mipangilio ya mtandao ilijiandika yenyewe.

Kabla hatujaondoka alitoa onyo: nyumbani pasikose kabambe. Bando likiisha, shemeji atoe laini, aitie kwenye kabambe, anunue, airudishe. Au mtoto wake amnunulie akiwa chuoni kwa kuandika nambari ya laini hiyo. Njia ya pili ndiyo wanayotumia mpaka leo.

Kitale: kitambulisho ni cha nani?

Kitale ni mji wa ofisi na maduka makubwa. Kenya Seed ina makao yake makuu hapa, jumba la makumbusho liko hapa, na kampuni za simu zina maduka rasmi yenye viti, tiketi za foleni na wahudumu waliovaa sare. Nilidhani kishikwambi cha pili kingemalizwa hapa kwa muda mfupi.

Foleni ilikuwa ndefu na mhudumu mmoja ndiye aliyekuwa akishughulikia laini mpya. Nilipofika mbele, swali halikuwa la kishikwambi bali la mwenye laini.

"Itakuwa ya nani?"

"Ya dada yangu, yuko Bungoma."

"Basi aje mwenyewe na kitambulisho. Ukiisajili kwa jina lako, chochote kitakachofanywa na laini hiyo ni chako."

Alikuwa sahihi. Kanuni za usajili wa laini zinataka mwenye laini ajulikane, na mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka wote wathibitishe taarifa zao. Tarehe ya mwisho ilikuwa Aprili 15, ikasogezwa hadi Oktoba 15. Wengi wetu tunakumbuka foleni za wakati huo. Hata hivyo Kenya haijafika mbali kama Tanzania, ambako tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na Januari 20, 2020 ndipo uzimaji wa laini zisizosajiliwa hivyo ulipoanza. Ukienda dukani Arusha kumsajilia dadako laini huanzi hata maelezo, kwa sababu kidole chake ndicho kinachotakiwa.

Lakini mhudumu alinisaidia kwa jambo moja. Alitia laini yake ya majaribio ndani ya kishikwambi cha Marekani, na kioo kikaandika kwamba laini hiyo haikubaliki. Kifaa kilikuwa kimefungwa na kampuni ya huko iliyokiuza, ili kitumie laini zake peke yake. Duka la Kitale haliwezi kukifungua. Anayeweza ni kampuni iliyokiuza, na atakayeomba ni aliyekinunua. Kinachohitajika ni IMEI, nambari ya tarakimu 15 ambayo kwenye simu huipata kwa *#06#, na kwenye kishikwambi kisicho na kibodi unaitafuta ndani ya mipangilio, sehemu ya "Kuhusu kifaa". Nilimtumia jamaa nambari hiyo jioni. Kwa bahati kilikuwa kimelipiwa chote, ombi likakubaliwa.

Barabarani: kutazama herufi

Kutoka Kitale kuelekea Bungoma unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, kisha Webuye, ambako kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifungwa mwaka 2009 na mji ukaumia. Njiani nilitumia simu yangu kutazama herufi za juu ya kioo. Katika miji ilikuwa 4G, katikati ya mashamba ikashuka hadi H, yaani 3G, na mara chache ikawa E, ile ambayo ukurasa mmoja unaungoja hadi umalize kula muwa.

Herufi hizo si za kupitisha wakati tu. Kuelekea uchaguzi wa Agosti 2017, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba zaidi ya vituo 11,000 kati ya vituo 40,883 vya kupigia kura havikuwa na mtandao wa 3G. Vifaa vya kutambua wapigakura na kutuma matokeo vilikuwa vishikwambi vyenye laini ndani, kama hiki nilichokuwa nimekipakata. Usafirishaji wa matokeo ukawa sehemu kubwa ya kesi ya kupinga uchaguzi huo, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa urais. Miaka miwili baadaye, usiku wa Agosti 24, 2019, makarani wa sensa walizunguka nchi nzima na vishikwambi, na kwa mara ya kwanza Wakenya wakahesabiwa bila karatasi. Tanzania ikafanya vivyo hivyo Agosti 23, 2022.

Bungoma: fundi na masafa

Dada alinipokea stendi na tukaenda moja kwa moja kwa fundi wa simu katikati ya mji. "Mulembe, mwalimu," fundi alimsalimu, maana aliwahi kumtengenezea simu. Alimsajilia laini, akaitia kwenye kishikwambi, mnara ukashikwa, lakini intaneti hakuna. Hakushangaa. Alifungua mipangilio ya mtandao wa simu, akaingia palipoandikwa APN, akafuta jina la kampuni ya Marekani lililokuwa limeachwa humo na kuandika kwa herufi ndogo: safaricom. Jina la mtumiaji: saf. Neno la siri: data. Akahifadhi, akalichagua, akazima na kuwasha. Alisema laini ingekuwa ya Airtel angeandika "internet" na kuacha kwingine wazi. Hayo ameyakariri, hatazami karatasi.

Intaneti ilikuja, lakini herufi iliyoonekana ni H+. Tukangoja 4G, isije. Fundi akaeleza kile ambacho duka la Kitale halikuwa na muda nacho. Intaneti ya 4G husafiri kwa masafa, na si kila nchi hutumia yaleyale. Safaricom iliianzisha Desemba 2014, na masafa inayotumia sana ni ya megahezi 800 na 1800. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vya kampuni za Marekani vimeundwa kwa masafa ya huko. Kufunguliwa kwa kifaa hakukiongezei masafa, kwa hivyo hicho cha dada kitabaki 3G hata akikipeleka mlangoni pa mnara wenyewe.

"Mwalimu, simu yako inashika 4G?"

"Inashika."

"Basi usinunue bando mara mbili. Washa hotspoti kwa simu, hii itumie kama Wi-Fi."

Dada akacheka, kwa sababu shuleni kwake kuna vishikwambi vya mpango wa serikali wa mwaka 2016 ambavyo havikuhitaji laini hata siku moja. Waliotunga mpango huo, ambao Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT viliongoza usambazaji wake, waliweka masomo ndani ya vifaa na kwenye seva ya shule yenye ruta. Mtoto wa darasa la kwanza husoma bila bando.

Mizani

Laini zote mbili zinafanya kazi. Katika miji hiyo mitatu, huduma ya haraka niliipata Moi's Bridge kwa sababu wakala alijua kwamba data ya Kenya hununuliwa kwa simu hata kama itatumiwa na kifaa kingine. Kitale walikuwa polepole, ila ndiko nilikoambiwa ukweli kuhusu jina la mwenye laini na kufungiwa kwa kifaa. Bungoma ndiko nilikoelewa kwamba H+ haikuwa kosa la mnara wala la bando.

Kuhusu gharama, usimlaumu wakala. Ndani ya kila bando kuna VAT ya asilimia 16, na ushuru wa bidhaa ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliushusha kutoka asilimia 20 hadi 15. Uganda jirani ilitoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, ikaiondoa tozo hiyo 2021 na kuweka asilimia 12 juu ya data.

Kwa hivyo, ndugu msomaji unayetaka kumnunulia mzazi kishikwambi: tafuta chenye nafasi ya laini na kibodi ya kupigia simu, na tofauti ya bei haitakuuma kama usumbufu wa kukosa kibodi. Cha kutumiwa kutoka ng'ambo, uliza kama kimefunguliwa na kama kinashika 4G ya megahezi 800 na 1800 kabla mtu hajakilipia posta. Laini isajiliwe na atakayeitumia, kwa kitambulisho chake, mbele ya macho yake. Na kabla hajaondoka kwa wakala, abonyeze *106# kwenye kabambe aone laini zilizo chini ya kitambulisho hicho. Akiona asiyoijua, atoe taarifa hapohapo.