IMANI NA NAULI YA KURUDI



Mwaka wa 2004, nikiwa mwanafunzi katika chuo cha Biblia, nilialikwa mkutano wa vijana Arusha. Nilikuwa na nauli ya kwenda tu. Rafiki yangu akaniuliza, "Na ya kurudi?" Nikamjibu kwa ujasiri, "Mungu atatoa!"

Mkutano ukaisha, nikakwama siku tatu. M-Pesa haikuwepo bado. Nilipiga simu nyumbani. Mama akauza kuku wake wote, akanitumia pesa kwa kondakta wa basi. Baadaye nikajua kuku hao walikuwa wa kumalizia karo ya dada yangu wa kidato cha pili. Alikaa nyumbani wiki tatu.

Mwaka uliofuata nilienda Kampala. Kwanza nilitenga nauli ya kurudi kwa bahasha, sikuigusa. Nikapanda basi la usiku ili nisilipie malazi. Nikabeba chapati na mayai ya kuchemsha. Nikalala kwa mshirika niliyemwandikia mapema. Hakuna aliyeuza kitu.

Siku hizi Uganda na Rwanda unaingia kwa kitambulisho cha taifa, lakini hesabu ni ile ile.

Katika Luka 14:28 Yesu anatufundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nilichoita imani kilikuwa uzembe, na aliyelipa ni dada yangu.

Kijana unayepanga safari, omba, kisha chukua kalamu. Na kama kuna mtu alilipia uzembe wako, mpigie simu leo umwombe msamaha.