Visiwa vya Mbita: Ndege ni Daftari la Ziwa

Kegonga iko katika nchi ya juu ya Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania, mahali pa mahindi, tumbaku na migomba. Wako wengi huko walijualo Ziwa Viktoria kwa omena tu, wale samaki wadogo waliokaushwa ambao Tanzania huitwa dagaa. Lakini ziwa lenyewe haliko mbali. Mtu atokaye Kegonga hupita Kehancha, Migori na Rongo, akateremka mpaka Homa Bay, kisha akafuata barabara iendayo Mbita. Akilala hapo usiku mmoja, aweza kukodi mashua alfajiri, akavizunguka visiwa, na kurudi siku ile ile akiwa ameona viumbe ambao nchi ya juu haina.

Yafaa kuondoka mapema. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Adhuhuri ikipita, upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi huinuka. Msafiri mwenye busara huhakikisha kwamba kila abiria amevaa jaketi la kuelea, wala haoni haya kuikataa mashua iliyojaa kupita kiasi. Saa hizo hukutana na wavuvi wa omena wakirejea na taa zao, kwani samaki hao huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga.

Baina ya visiwa vikubwa kuna vingine vidogo vya mawe, visivyokaliwa na watu. Kimoja kilicho karibu na Rusinga hujulikana kwa jina la Kisiwa cha Ndege. Mawe yake ni meupe kwa vinyesi, na harufu yake humfikia msafiri mapema kuliko kelele zake. Hapo hukaa mnandi, ndege mweusi mwenye shingo ndefu, ambaye huzamia samaki na kisha husimama juani amekunjua mabawa yake ili yakauke. Hapo hukaa na yangeyange weupe. Juu ya miti ya pwani hutua furukombe, mwenye kichwa cheupe, na sauti yake husikika mbali. Penye utulivu huonekana pia kenge akiota jua, na mara chache fisi-maji akitokeza kichwa majini.

Ustadi wa mwenye mashua hupimwa mahali hapa. Chombo kikikaribia mno, ndege wote huruka kwa hofu, makinda hubaki kwenye jua kali, na adui huja kuyaiba mayai. Nahodha mwema huzima injini akiwa mbali, akangoja; nao ndege huendelea na shughuli zao kana kwamba hapana mtu. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wenyeji wa Mbita hupona kwa nauli na chakula anachonunua mgeni, lakini katika kisiwa kile mwenyeji wa kwanza ni ndege, naye akihama, nauli nayo itahama.

Tena ndege hawa si wa kutazamwa kwa furaha tu. Karani ajua ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la ziwa ni ndege. Katika miaka ya 1950 samaki aitwaye mbuta aliingizwa katika ziwa hili. Kwa muda hakuonekana sana, lakini katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla. Alileta fedha nyingi, minofu yake ikauzwa hata Ulaya. Lakini aliwala fulu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, na aina nyingi zikatoweka. Upande wa Tanzania, katika ghuba ya Mwanza, wataalamu walichunguza mifupa ya samaki itapikwayo na mdiria, yule ndege mweusi na mweupe aangukaye majini kama jiwe. Zamani mifupa hiyo ilikuwa ya fulu. Baadaye ikawa ya dagaa. Na kwa kuwa dagaa ni mdogo kuliko fulu, ilimbidi mdiria kuvua samaki wengi zaidi ili ashibe. Hivyo mabadiliko ya ziwa yalikuwa yameandikwa katika matapishi ya ndege.

Kisiwa cha Rusinga nacho kina daftari lake, la kale zaidi. Mwaka 1948 Mary Leakey alivumbua huko fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wasio na mkia, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Katika miaka ya 1980 Rusinga iliunganishwa na Mbita kwa tuta la mawe na udongo. Njia ya miguu na magari ilipatikana, lakini mkondo wa maji ulizibwa. Ikawa lazima baadaye kujenga daraja ili maji yapite tena.

Mkulima wa nchi ya juu asidhani kwamba mambo haya ni ya wavuvi peke yao. Mto Migori hujiunga na Mto Kuja, nao humwaga maji yake ziwani huko Nyatike. Mvua kubwa ikinyesha juu ya shamba lisilo na matuta, udongo mzuri pamoja na mbolea yake huteremka mpaka ziwani, na huko hulisha gugu-maji, lile jani lielealo ambalo hufunga bandari na kuzuia mitumbwi. Basi mkulima hupoteza mara mbili: kwanza rutuba ya shamba lake, kisha samaki wa mboga yake.

Kwa hiyo safari ya siku moja visiwani si anasa. Achimbaye makinga-maji kilimani na azimaye injini mbele ya viota hulinda mali moja.