Kwa Nini Filamu ya Pili Hudharauliwa?

Katika nyumba moja ya matofali karibu na misheni ya Ombaci, si mbali na mji wa Arua, jamaa wa nyumba hiyo wana desturi ya kutazama filamu kila Jumapili jioni. Chakula kikiisha kuliwa na vyombo kuondolewa, kijana wao, ambaye ni konstebo wa polisi, huwasha televisheni. Baba yake, sajini mstaafu wa jeshi la zamani, huketi katika kiti chake cha mbao. Ukutani juu ya kichwa chake imetundikwa picha yake ya ujanani: kifua wazi, glavu za masumbwi mikononi, siku aliyoshinda pambano la vikosi. Mama huketi mkekani pamoja na mkaza mwana wake na wajukuu, ambao aghalabu hulala kabla mambo hayajafika katikati.

Jumapili moja konstebo alileta filamu ya masumbwi iitwayo Rocky II. Saa moja haijapita, akaanza kupiga miayo.

"Baba, hii ya pili haina kitu," alisema. "Ya kwanza ndiyo filamu."

"Kweli," alijibu mzee. "Afadhali uizime."

Mama, ambaye si desturi yake kutia neno katika mambo ya filamu, akainua uso. "Msiizime," alisema. "Hii ndiyo yenye maana. Ile ya kwanza ni ngumi tu."

Mabishano yaliyofuata yalidumu hata taa ikazimwa. Hayakuwa mabishano ya nyumba hiyo peke yake. Popote penye watazamaji, filamu inayoendeleza hadithi ya filamu nyingine huwagawa watu. Wengine huiita mabaki ya chungu. Wengine huapa kwamba imeipita ya kwanza. Yafaa kuuliza tofauti hiyo hutoka wapi.

DENI LA FILAMU YA KWANZA

Rocky ya kwanza ilitoka mwaka 1976, nayo ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Ni hadithi ya bondia maskini wa mji wa Philadelphia, ambaye kwa bahati anapewa nafasi ya kupigana na bingwa wa dunia, Apollo Creed. Anasimama naye mpaka raundi ya mwisho. Anashindwa kwa pointi, lakini heshima anaipata, na mtazamaji huondoka moyo umejaa.

Filamu ya pili ilitoka mwaka 1979, ikiongozwa na Sylvester Stallone mwenyewe, aliyecheza kama Rocky. Hii haianzi na ushindi, inaanza na hospitali. Rocky anamwoa Adrian, ananunua nyumba na gari, na fedha zinakwisha upesi. Anaitwa kutangaza bidhaa, lakini kusoma kunamshinda mbele ya kamera, anafukuzwa kwa aibu. Anatafuta kazi ya ofisini, hapati. Anarudi kubeba nyama kiwandani, na huko nako anapunguzwa. Mkewe, akiwa mja mzito, anarudi kwenye kazi yake ya zamani dukani. Ngumi za mwisho zinakuja, na safari hii Rocky anashinda. Lakini kabla ya kufika hapo mtazamaji amekwisha kukaa muda mrefu jikoni na chumbani kwa watu wasio na fedha.

Hapo ndipo deni linapoonekana. Mtu aliyefurahishwa na filamu ya kwanza huja kwenye ya pili kama mdai. Anataka alipwe furaha ile ile, na zaidi. Akipewa ile ile husema wamerudia. Akipewa nyingine husema wameharibu. Filamu ya kwanza ilikuja bila kudaiwa chochote, na kwa hiyo kila ilichotoa kilikuwa zawadi.

Hata katika masumbwi ya kweli mambo huwa hivyo. Waganda wengi wenye umri humkumbuka Ayub Kalule alivyotwaa ubingwa wa dunia mwezi Oktoba 1979, na alivyoupoteza kwa Sugar Ray Leonard mwezi Juni 1981. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1985 mtu huyo huyo aliinuka tena akawa bingwa wa Ulaya. Sehemu hiyo ya maisha yake haikupigiwa ngoma.

BIASHARA NA KIBANDA

Haina budi kukiri pia kwamba dharau hii wakati mwingine ni ya haki. Wafanya biashara wa filamu wamezoea kukamua ng'ombe aliyekwisha kukauka. Katika filamu za Tanzania zilizouzwa kwa kanda na sahani miaka ya 2000, ilikuwa kawaida hadithi moja kukatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Aliyeuziwa hivyo mara tatu au nne, ya tano huitazama kwa jicho la shaka.

Lakini si kila hadithi yenye sehemu mbili ni hila. Living in Bondage ya Nigeria, iliyofungua njia ya biashara ya filamu za video nchini humo, ilitoka mwaka 1992, na sehemu yake ya pili mwaka 1993. Katika ya kwanza mtu anamtoa mkewe kafara ili apate utajiri. Hesabu ya tendo lile inamaliziwa katika ya pili. Aliyetazama ya kwanza tu ameona dhambi na fedha, hakuona malipo. Huko Marekani nako, The Godfather Part II ya mwaka 1974 ilipokewa kwa ubaridi na baadhi ya wahakiki. Hata hivyo ikawa filamu ya kwanza ya kuendeleza nyingine kupewa Oscar ya filamu bora.

Katika Uganda liko jambo jingine, nalo ni kibanda cha video. Filamu hazikufika vibandani kwa mpangilio zilivyotengenezwa. Mara nyingi ya pili ilitangulia, na ya kwanza ikafuata baada ya mwaka, au isifike kabisa. Mtoto aliyeanza na ya pili hakuwa na deni la kudai. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Ndiyo maana watu wawili wa rika moja, kutoka mitaa miwili ya Arua, waweza kubishana kwa nguvu juu ya filamu ile ile, na kila mmoja akawa mkweli.

Yuko pia mtafsiri, yule aitwaye VJ, anayesimulia filamu kwa lugha ya watazamaji huku akiongeza utani wake. Dar es Salaam ilikuwa na mtafsiri wake mashuhuri wa Kiswahili, Lufufu, na Kampala ina wake wengi wa Kiganda. Mtafsiri hodari huweza kuifufua filamu tulivu. Aliyechoka huweza kuiua iliyo nzuri. Basi aliyesema filamu ni mbaya, pengine aliisikia vibaya.

MASKARI WAWILI

Sababu kubwa kupita zote, hata hivyo, haimo katika filamu. Imo katika mtazamaji mwenyewe. Mfano ulio karibu na watu wa jeshi na polisi ni ule wa Rambo. Filamu ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, inamwonyesha askari aliyetoka vita vya Vietnam, anayepita katika mji mdogo na kuandamwa na polisi wa mji huo. Mwisho wake ni askari huyo kulia mbele ya kanali wake. Ya pili, ya mwaka 1985, inamrudisha Vietnam kuokoa mateka, na humo anaua watu wasiohesabika. Wahakiki waliidhihaki hata ikapewa tuzo ya mzaha ya filamu mbovu ya mwaka, vibandani ikashangiliwa.

Sajini wa Ombaci huipenda hiyo ya pili. Konstebo naye huipenda ya kwanza, ingawa polisi wake ni watu wabaya, kwa sababu asema humo amejifunza jinsi neno moja la jeuri barabarani linavyoweza kuleta maafa. Filamu ni zile zile. Mmoja anatafuta askari anayeshinda, na mwingine anatafuta namna ya kufanya kazi yake.

MANENO YA MAMA

Usiku ule wa Rocky II, konstebo alimwuliza mama yake kwa mzaha ni nini alichokiona katika filamu ya mtu anayetafuta kazi. Mama hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "mimi hiyo naijua. Baba yako alibeba magunia Ariwara miaka saba."

Mzee akageuza uso, wala hakukanusha.

Mwezi Juni 1979, filamu hiyo ilipoanza kuonyeshwa Marekani, vita vilivyomwondoa Idi Amin vilikuwa vimefika mwisho katika West Nile. Askari wengi wa jeshi lililoshindwa walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan pamoja na jamaa zao. Mapigano yaliyozuka Oktoba 1980 yaliwatoa makwao raia wengine wengi zaidi. Na tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci ili kujisalimisha waliuawa humo na askari wa serikali ya wakati ule. Wengi waliosalia hawakurudi nyumbani mpaka miaka ya katikati ya 1980 na baada yake.

Sajini na mkewe walikuwa miongoni mwa waliovuka mwaka 1979. Upande wa pili wa mpaka bondia wa kikosi alibeba magunia ya mihogo sokoni, na siku nyingine akakosa hata magunia ya kubeba. Mkewe aliuza mihogo ya kuchemsha kando ya njia, mtoto mgongoni. Mtoto huyo walimzika huko huko. Walirudi mwaka 1986 wakakuta nyumba ni majani matupu. Konstebo alizaliwa mwaka uliofuata.

Hayo yote konstebo alikuwa akiyajua kama mtu ajuavyo kwamba kulikuwa na vita: kwa jumla, bila magunia, na bila mtoto yule, ambaye usiku huo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba alipata kuwako. Alikulia chini ya picha ya ukutani. Tangu utotoni aliambiwa juu ya pambano lile: raundi ngapi, nani alianguka, kamanda alisema nini. Juu ya Ariwara hapakuwa na picha, na hapakuwa na masimulizi. Ya kwanza ilitundikwa, ya pili ikafichwa, na aliyeificha ni yule aliyeishi ndani yake.

Pengine ndiyo sababu mzee alitaka televisheni izimwe. Haikuwa kwamba filamu imemchosha. Mtu aliyepigana ulingoni hapendi kumwona bondia akisimama mbele ya meza ya mwajiri, kofia mkononi. Mkewe naye alitaka iendelee kwa sababu ile ile: kwa mara ya kwanza aliona kazi yake yeye na ya mumewe imehesabiwa kuwa hadithi.

Jumapili iliyofuata konstebo aliweka filamu ile ile, kuanzia pale walipoiacha. Hakusema kitu, wala hakuna aliyemwuliza. Walipofika mahali ambapo mwalimu mzee, Mickey, anamwamuru Rocky amkimbize kuku mpaka amkamate, ili apate wepesi wa miguu, mama alicheka hata machozi yakamtoka. Na mzee akasema kwamba kuku wa Ariwara walikuwa wepesi kuliko huyo. Konstebo akamgeukia na kumwuliza, "Mlikuwa mkifuga kuku huko, Baba?" Mzee akaanza kueleza, na filamu ikaendelea bila yeye kuitazama.

Raundi ya kumi na tano ilipofika, mabondia wote wawili wakaanguka, na Rocky akainuka kabla ya hesabu ya kumi. Mama alikuwa amekwisha kulala mkekani. Mzee aliitazama mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu yake.

"Hata hivyo," alisema, "ya kwanza ni bora."

Konstebo akakubali kwamba yaweza kuwa hivyo, akasogeza kiti chake karibu na cha baba yake, akamwuliza tena habari za kuku.